Redio Dirishani

Ujiji, Jumanne

...na Baba hakunigombeza! Bado siamini.

Muuguzi wa mazoezi ya viungo alituambia tusimlazimishe mdogo wangu Idi kusimama huku analia. Tumpe anachokipenda pale anapojitahidi. Idi anapenda redio kuliko samaki mgebuka wa kukaanga. Basi leo, baada ya kumnyoosha ile miguu yake iliyokakamaa, niliiweka redio ya Baba dirishani. Akisimama kwa kushika nondo, inaimba. Akikaa, naizima.

Bibi akafoka, "We mtoto, unamtesa mwenzio!"

Mara Baba akaingia kutoka bandarini. Redio ile haturuhusiwi kuigusa. Nikamweleza kwa sauti ndogo, na hapohapo Idi akachoka, akakaa. Nikaizima.

"Habari ndiyo zinaanza," Baba akasema. Nikajua nimekwisha. Lakini akamgeukia Idi: "Simama, mwanangu, tusikie."

Idi akasimama. Habari zote zile za vijiji vya ujamaa, ambazo hata mimi huziona ndefu, alizimaliza wima, anacheka.

Naogopa betri zitakwisha, na mpya madukani hakuna. Ila Baba naye hakukaa. Alisimama pembeni yake mpaka mwisho.