Mjusi wa Kireno

Ijumaa, 7 Machi 2014

Bi Tufaha kaja leo, mama yake Nabil aliyemposa dada yangu Lamees. Kaleta zawadi: sinia la udongo kutoka Ureno, linang'aa kama limepakwa mafuta. Majani ya kabichi, konokono wawili, na ubavuni mjusi wa kijani kainua mkia. Mama akatokwa na machozi — eti uzuri! Mama huyu huyu akiona mjusi wa kweli hupanda juu ya kochi.

Bi Tufaha anakaa JLT, mtaa wa minara mirefu ya huku ugenini, ghorofa ya thelathini na nane. Mijusi hawafiki kule. Labda ndiyo maana wananunua wa udongo.

Ijumaa ijayo watakuja kula na kutaja siku ya harusi. Bi Tufaha kataka chakula kipakuliwe humo humo kwenye sinia! Bibi yangu Joha akauliza, "Wareno hawa si ndio walioichoma Mombasa?" Mimi nikatazama zulia, kama kawaida yangu.

Jumapili, 9 Machi

Ya Rabbi! Nimerudi kutoka shule (huku Jumapili tunasoma), Bibi yuko peke yake, miwani hana. Kaliona sinia mezani. "Bismillahi!" Pa! Kandambili! (Kumuua mjusi kwa pigo moja kuna thawabu nyingi, Bibi hutuhubiria kila siku.) Mkia ukarukia chini ya friji.

"Kafa," akasema. "Mkia umekatika na mwenyewe hakimbii."

Nikamwambia ni wa udongo. Bibi akakaa kitako.

"Usiseme, mjukuu wangu. Watasema tumewadharau. Posa ivunjike kwa kiatu changu?"

Nikaapa. Mkia uko kwenye mkebe wangu wa penseli.

Jumanne, 11 Machi

Mama kaona. Hakuuliza mtu — moja kwa moja kwa Swafiya, dada wetu wa kazi.

"Wallahi si mimi, madam."

"Khalas. Jumamosi unarudi kwenu."

Kwao Mombasa. Wareno hawa wana neno na Mombasa!

Swafiya ndiye anayenisuka nywele. Huu mwaka wake wa sita kwetu. Bibi siku hizi anaswali sunna nyingi mno.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu gundi. Vidole viwili vimegandana. Mkia haujashika.

Ijumaa, 14 Machi

Niko chooni, naandika magotini. Wageni wako mezani.

Mama kamfukia mjusi kwa pilau. Bi Tufaha akachimba na kijiko, akachimba — akampata.

"Mkia uko wapi?"

"Msichana wa kazi," akasema Mama. "Kesho anaondoka."

"Wasichana hawa!"

Swafiya kasimama pale pale na jagi la sharbati. Bibi akafungua kinywa... akatia tonge. Nikainuka. Wote wakanitazama. Nikasema, "Naenda chooni." Nikapitia chumbani, nikachukua daftari na mkebe.

Shuleni nina vyeti viwili vya ufasaha, cha Kiingereza na cha Kiarabu. Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu kule hakuna wa kulisoma. Pale mezani hakuna asiyeweza.

Basi sihitaji kusema. Nichane ukurasa wa Jumapili, niuweke kando ya pilau pamoja na mkia, nikatazame zulia langu. Bibi, nisamehe.

Mama anagonga. "We Afrah! Umelala humo? Watu wanataka kutaja siku!"

Ukurasa nimeushika pembeni. Ni kuvuta tu —