Hema Ulilolikata Ukaliacha

Papa,

Tumefika ziwani na tumerudi, Mama, wadogo zangu Solange na Dieume, na mimi. Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia, hapa kambini Dzaleka, vumbi la barabara bado liko kwenye nywele zangu. Nikingoja mpaka kesho nitakuandikia kwa adabu nyingi, na sitaki.

Ile turubai uliyoikata, nimeishona. Tangu tukuzike, miezi saba vipande vilikaa chini ya cherehani na alama zako za chaki juu yake, na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Mama alikuwa akipita pale anatazama pembeni. Unajua kwa nini. Tulipoingia Malawi kutoka Tanzania nilikuwa na miaka sita, na nakumbuka ulivyoketi kando ya barabara ukiunganisha mashitingi mawili ya plastiki yawe hema, kwa sindano ya mkono. Mishono midogo, sawasawa, kama unashona suti ya bwana harusi. Fundi mzima, ukasahau kwamba plastiki haishonwi. Mvua ilipokuja, kila tundu la sindano likapitisha maji. Mdogo wangu Samueli alikuwa na miezi minne. Alilowa, akashikwa na homa, na hakufika Dzaleka.

Mama hakukulaumu hata siku moja. Alisema tu, "Mi sitalala tena mu hema, mpaka kufa." Miaka yote hiyo wewe ulishona nguo za watu tu, mpaka ulipoanza kuumwa, ukaenda Lilongwe na kurudi na turubai begani. "Nataka batoto yangu balale mu hema kwa furaha," ulisema. "Hata mara moja tu."

Basi nilishona. Kunja, kunja tena, pitisha mara mbili, kisha sugua mshumaa juu ya mshono mpaka matundu yajifunge. Upande wa mgongo niliufumua mara tatu. Kila nilipoongeza kasi nilikusikia: "We Riziki, haraka yako inaonekana mpaka inje!"

Kibali cha kutoka kambini nilikifuata ofisini mara nne. Tonton Amisi, yule rafiki yako wa kwetu Kindu, alikuwa anapeleka vitenge Nkhata Bay, akatupa nafasi kwenye gari lake. Tulishuka kwanza Lilongwe, akapakia mifuko ya unga Kanengo, tukashika njia ya Salima. Kuanzia Nkhotakota ziwa lilikuwa linatokea na kujificha upande wa kulia, na Dieume kila lilipotokea anapiga kelele kama ndiyo mara ya kwanza. Ana miaka sita, Papa. Hajawahi kuona maji ambayo hayako kwenye ndoo. Kwenye kizuizi cha polisi Solange alimsalimia askari kwa Kichewa kilichonyooka hivi kwamba askari alicheka, akamwambia Mama aombe masomo kwa binti yake. Solange akamtafsiria Mama maneno yote, na ya kumcheka pia.

Tulipofika, mama mwenye uwanja wa kupigia mahema alikuja na daftari kuandika majina yetu. Papa, ungekuwepo! Mama alifungua pochi akampa kadi yetu ya mgao wa chakula kambini. Solange na Dieume wakajipanga nyuma yake kwa mstari, wamenyooka, wanangoja kuhesabiwa. Yule mama aliigeuza kadi huku na huku, haelewi. Nilitaka kufa kwa aibu, kisha nikaanza kucheka, na Mama mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikasimamisha hema. Dieume alilizunguka, akaingia, akatoka, akaniuliza mimi dada yake kwa sauti ya mtu mzima, "Yaya, tutaikala hapa miaka ngapi?"

Nikamwambia siku mbili.

"Mbili tu?" Akakaribia kulia.

Nilisimama pale na nyundo mkononi. Mtoto wako alikuwa analilia hema, Papa, kwa sababu amelipenda.

Mama alikuwa ameketi mbali, kwenye baraza la jiko. Usiku ule wa kwanza alilala humo jikoni, kwenye mkeka wa kuazima. Sikumlazimisha. Nilijiambia watoto ndio uliowataja, na watoto wamelala. Lakini nilijua kwamba nusu ya kazi yako bado iko nje.

Siku ya pili, saa kumi alasiri, mvua ilitoka ziwani bila hodi. Watoto walikuwa ndani wanaimba. Mimi nilikuwa nje nakaza kamba, namfikiria Samueli, kwa sababu sasa haikuwa tena habari ya kushona vizuri au vibaya. Mara nikamwona Mama anakuja anakimbia, kichwa wazi, miguu mitupu. Nikajua anakuja kuwatoa watoto. Nikamwachia njia.

Hakuwatoa. Alipiga magoti ndani ya hema akaanza kupapasa mishono, mmoja baada ya mwingine, kona kwa kona, polepole, kama anavyopapasa paji la mtoto mgonjwa. Alipofika mgongoni alikaa sana. Kisha akageuza kiganja akakitazama. Kikavu.

"Nani alishona huu?"

"Ni yaya!" Dieume akasema. "Alifumua mara tatu, tena analia!"

"Na nani alikata?"

Alijua. Mvua inapiga juu yetu, akasema, "Huyu bwana." Hayo tu. Akakunja kitenge chake kilicholowa, akajilaza katikati ya watoto, na mchana ule ule akalala, mdomo wazi, anakoroma. Solange alitaka kumwamsha atupishe. Nikamkataza.

Nilikaa mlangoni namlinda, nimelowa upande mmoja, na sijawahi kujivunia kuwa binti wa mtu kama nilivyojivunia saa ile. Hukukosea hata upana wa kidole kimoja kwenye kukata. Nataka ulijue hilo.

Sasa pumzika, Papa. Watoto hawa niachie. Nitawatembeza nchi hii mpaka waijue kama mtaa wao, na sitashona kwa haraka. Leo tunashuka garini hapa nyumbani, hata mizigo haijaingia, Mama ameniita pembeni: "We Riziki, mwaka kesho tunaenda wapi?"

Binti yako,
Riziki