Bunduki Zilizolala Zimekokiwa

Mtani wangu Kondo,

Mwangaluka. Najua ungenijibu kwa Kizaramo ili kunikomoa, halafu ungeniuliza hali ya ng'ombe wangu kabla ya kumuuliza mke wangu.

Nianze na maziko, kwa kuwa hukuyaona. Nilifanya kazi ya mtani. Walipokufikisha kaburini nilikaa ukingoni, miguu ndani, nikasema Mzaramo huyu haingii katika ardhi ya Wasukuma mpaka nipewe kitu. Shekhe alikunja uso. Ndugu zako waliotoka Kisarawe walicheka, wakanitoa pale kwa kunipa kofia yako ya kijivu. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mama Saidi wako alitaka kufunga duka lenu. Si kwa sababu ya eda wala upweke, ingawa vyote viwili vilikuwapo. Ni springi. Uliwafungia watu wengi springi mpya katika bunduki zao za upepo mwaka ule kabla hujaondoka, baada ya mizigo kuanza kuingia Mwanza kwa wingi na wewe kuacha kuunga vipande vilivyovunjika kwa washa katikati. Tulifurahi sana na lile boksi lako la kwanza. Uliishika ile springi nyeusi, yenye mafuta bado, ukasema, "Mwalimu, nchi imefunguliwa." Basi, mpunga ulipoanza kutoa masuke, bunduki zikaanza kurudi. Hazina nguvu. Nkwabi wa Mwamapalala alisimama mlangoni pa duka akawaambia watu waliokuwa wakinunua sukari kwamba risasi yake inamgonga kanga, na kanga anageuka kutazama nani amemrushia kokoto. Watu walicheka. Kisha akasema, "Marehemu apumzike, lakini alituuzia feki."

Neno hilo lilitembea haraka kuliko basi la Maswa. Unajua zama zenyewe: kila kitu kimejaa madukani, betri, nyembe, dawa za pamba, na hakuna anayejua kipi ni kipi. Mtu akisikia feki anaamini kwanza. Mama Saidi alinitumia ujumbe. Nilimkuta amekwisha kutoa lile boksi nje karibu na shimo la taka. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, sitakaa mji ambao mume wangu anaitwa mwizi akiwa kaburini. Nikimaliza eda narudi kwetu." Nikamwomba asitupe kitu wala asifunge safari mpaka nimetazama.

Nilitazama kwa utaratibu wako, maana sina mwingine. Nilifunga bunduki ya Nkwabi kwenye ile fremu ya mninga yenye jeki ya gari, nikakaza jeki kwanza ndipo nikachomoa pini, nikailegeza taratibu. Ulinifokea siku moja nilipotaka kuchomoa pini nikiwa nimeikandamiza kwa kifua: "Springi haina urafiki na meno ya mwalimu." Ilipotoka niliipima. Kipenyo chake cha ndani kilikaa vizuri kwenye ule msumari wa kuiongoza: inateleza kwa mkono, haichezi. Ncha zote mbili zilikuwa bapa, zimesagwa, zinasimama wima juu ya kioo bila kuinama, kwa hiyo haikuwa ikisukuma pistoni upande. Nikafanya hesabu tuliyokuwa tukiifanya pamoja, wewe kwa macho na mimi kwa penseli: unene wa waya mara idadi ya mizunguko ni lazima uwe mdogo kuliko nafasi inayobaki pistoni ikirudishwa mwisho. Isipokuwa hivyo, mizunguko itagusana kabla triga haijadaka, na mtu ataanza kulazimisha mtutu kama anavunja muwa. Hesabu ilikubali. Silinda haikuwa na mafuta mengi, wala harufu ya kuungua ambayo huja mtu akimimina mafuta ya cherehani humo ndani, yakashika moto, na bunduki ikapiga kelele kama ya polisi kwa wiki moja kisha springi ikakatika.

Kwa hiyo uliichagua vizuri na uliifunga vizuri. Lakini ilikuwa fupi. Niliisimamisha kando ya nyingine mpya kutoka boksini, ikaachwa kwa karibu upana wa kidole gumba. Nikafungua bunduki ya pili, hali ni ileile.

Chuma kinachofupika kimekandamizwa muda mrefu. Hilo nililifundisha darasani miaka yangu yote. Nilichokuwa sijui ni nani aliyekikandamiza, na lini. Nikapanda baiskeli kwenda Mwamapalala.

Nkwabi hakuwepo, alikuwa amepeleka pamba kwa wanunuzi wapya wanaogombania wakulima siku hizi. Nilimkuta mkewe, Mama Kabula, juu ya dungu katikati ya majaruba, akiwinga ndege. Kwelea kwelea anawafukuza kwa debe na kelele, bunduki ni ya njiwa na kanga. Tulisalimiana kwa urefu wa desturi, tukaulizana habari za nyumba zote mbili. Kisha nikamuuliza bunduki inalala wapi.

"Inalala hapahapa na mimi," akasema.

Inalalaje?

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. "Imekokiwa, Mwalimu. Ndege wa alfajiri hawasubiri."

Nikamuuliza kwa nini asiifyatue jioni akimaliza kazi. Hapo alinijibu jambo ambalo nimelitafakari tangu siku ile. Alisema, "Marehemu alitukataza kufyatua tupu. Alisema pistoni itajigonga mwisho wa silinda na kupasuka. Sasa nifyatue na risasi? Risasi ya kupiga matope? Hatukufyatua tupu hata siku moja. Mwulize Nkwabi. Hata watoto tuliwachapa kwa hilo."

Walikutii, Kondo. Ndilo kosa lao lote. Uliwaambia ukweli, kwamba ni risasi inayoipa pistoni mto wa hewa wa kuegemea, na bila hiyo inapiga chuma kwa chuma. Wakalishika neno hilo kama amri ya kanisani. Kwa kuwa hawakutaka kufyatua tupu wala kupoteza risasi, waliilaza imekokiwa, usiku baada ya usiku, tangu msimu uliopita. Niliuliza dungu la jirani, na la jirani yake. Wote vilevile, na wote wanajivunia.

Nilimwonyesha Mama Kabula palepale kwamba kuna njia ya tatu. Unakunja mtutu mpaka mwisho, unaushika kwa mkono wenye nguvu bila kuuachia hata kidogo, unabana triga, kisha unauacha mtutu urudi polepole, wewe ukiuongoza. Hakuna kishindo, na risasi haitumiki. Vidole vikae mbali na pale unapokunjia, maana ukiteleza utaviacha hapo. Alijaribu kwa woga, kisha akarudia mara nyingine, akacheka. "Kumbe inashuka kama ndoo ya kisimani."

Kumwambia mtu mmoja hakutoshi kusafisha jina, hasa kwa mwalimu mzee ambaye kila mtu anajua alikuwa mtani wako na hupenda kueleza mno. Nilichukua springi mbili kutoka boksi lako. Moja niliipitisha kwenye bolti ndefu nikaikaza kwa nati mpaka ikakaa kama ilivyo bunduki ikikokiwa. Nyingine niliiacha huru kando yake. Nikaziweka kwenye kaunta ya Mama Saidi, nikamwomba asimruhusu mtu kuzigusa kwa wiki kadhaa. Akarudisha boksi ndani.

Siku ya gulio watu walikuwa wengi, na Nkwabi alikuwepo. Nilifungua nati mbele yao, nikazisimamisha zote mbili juu ya kioo. Iliyokandamizwa ilikuwa imepungua. Si sana kama yake, lakini mtu mwenye macho aliona. Sitakudanganya: chuma cha zamani, kile cha kabla ya dhiki, kingestahimili zaidi, na hilo nililisema mbele ya wote. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema. Lakini springi ya kiasi si springi ya feki.

Nkwabi alizichukua, akazipima kwa kidole, akazibadilisha mahali kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Nilidhani ataondoka.

"Kwa hiyo tumeziua wenyewe," akasema, si kwangu hasa. Kisha akaweka bunduki yake juu ya kaunta. "Mwalimu, nifungie nyingine ya Mzaramo."

Mama Saidi alikuwa amekwisha kuingiza mkono boksini. Akasimama hivyo hivyo. "Ana jina," akasema.

Nkwabi akavua kofia. "Ya Kondo, mayu, mama yangu. Nifungie ya Kondo."

Mama Saidi akaitoa springi, akampa.

Eda imekwisha, na hajafunga mizigo. Wiki iliyopita aliniuliza boksi jingine huagizwa kwa nani Mwanza, nikamwandikia. Mimi nafunga springi siku za gulio tu, macho hayaniruhusu zaidi, na bado nakaza jeki kabla ya pini.

Nakuahidi hakuna bunduki itakayotoka hapa bila mwenyewe kuushusha mtutu kwa mkono wake mbele yangu, hata kama basi linamwita. Watasema ninachosha. Wewe ulisema hivyo kwanza.

Kwaheri, mtani wangu. Umelala kwetu, kwa hiyo wewe ni Msukuma sasa, na huna wa kukutetea.

Mwalimu Masunga