Viazi vya Mama Mkwe Juu ya Tuta

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Mama, na wote wanaoota moto pamoja nanyi huko Walikale. Mguu wako unaendeleaje? Dereva wa lori aliniambia umeanza tena kwenda shambani, nami nikajua hakuna aliyeweza kukuzuia. Sisi huku juu ya Nyabiondo tuko wazima. Baridi bado ni ileile, na mjukuu wako Riziki ameota meno na anauma kila mtu bila kuchagua.

Papa, uliponiozesha kwa Zakaria ulisema watu wa milima wanapenda udongo kuliko watu. Sikukujibu siku ile kwa heshima. Leo nakujibu, na usikasirike.

Unajua mume wangu ana bwawa lake. Alipokuwa mfanyakazi kwa Mzungu wa kahawa aliona jinsi wanavyoziba kijito kwa tuta la udongo, akarudi akajenga lake mwenyewe kwenye bonde letu, ili kiangazi tumwagilie kabichi na vitunguu wakati mashamba ya wengine yamekauka. Watu walimcheka kwanza, kisha wakaja kuomba kabichi. Chini ya bonde kuna nyumba za majirani, na iliyo karibu zaidi ni ya Papa Yoshua, shemasi wetu.

Sasa, wanawake wa huku wana neno lao: udongo mpya hauachwi uchi. Wakiona mahali palipochimbwa, mikono inawawasha. Tuta lilikuwa halijamaliza hata msimu mmoja, mama mkwe wangu akalipanda viazi vitamu kutoka upande huu hadi ule. Majani yakafunika kote, kila mtu akasifu, hata Zakaria akasema mizizi itashika udongo kama inavyoushika mlimani. Hakuna aliyewafikiria fuko. Fuko akisikia harufu ya kiazi haachi, naye hana adabu ya kuingia mlangoni.

Mwisho wa masika, bwawa limejaa hadi juu, chini ya tuta pakaanza kuvuja. Maji yalikuwa meupe, safi ya kuonekana hadi chini, na mama mkwe akafurahi kupata mahali pa kufulia. Mimi nilikwenda naye kila mara, hadi asubuhi moja nikaona maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilimwita Zakaria. Alichuchumaa, akayachota kwa kiganja, akayasugua kwa vidole.

“Maji meupe haina neno,” akasema. “Hii iko nabeba udongo. Tuta iko nakuliwa ndani.”

Alipanda juu, akafunua majani, akakuta shimo la fuko. Aliingiza mkono hadi begani, ukatoka umelowa. Papa, niliogopa sana. Mvua za mwisho zilikuwa bado, na pale chini, ambako maji yangepita tuta likipasuka, watoto wa Papa Yoshua walikuwa wanacheza.

Kulikuwa na njia moja tu: kuyaachia maji yote polepole kwa mfereji wa pembeni, kung'oa viazi, na kulifungua tuta. Kuyaachia maji maana yake hakuna bustani kiangazi kizima. Na kung'oa viazi, nani angeng'oa? Huku mke hagusi kilichopandwa na mama wa mumewe. Ni kama kumwambia nyumba sasa ni yangu.

Zakaria hakubishana na nafsi yake. Alishuka nyumba kwa nyumba, yeye mwenye kiburi cha bwawa lake, akawaambia majirani, “Tuta yangu imeoza. Pandeni juu na watoto, mupaka maji iishe.” Kisha akarudi, akaanza kuchimba mfereji.

Mama mkwe alisimama juu ya viazi vyake. “Munanipatisha haya mbele ya watu juu ya bilazi?” aliuliza, akituonyesha viazi. Mumewe alikwisha kufa, na Zakaria ni mwanawe wa pekee; akainamia tena mfereji wake. Basi nikashika jembe mimi, Papa.

“Weka chini,” mama mkwe akaniambia.

“Mama, watoto wa wenyewe wako pale chini.”

“Nimewaona. Weka chini, nimesema. Mukwe hawezi kung'oa mbegu ya mama-mukwe, watu watakusema mupaka unazeeka. Mi njo nilipanda, mi njo nitang'oa.”

Akalichukua jembe mkononi mwangu, akaanza. Hakuacha shina hata moja. Nililia, na sikuficha.

Maji yalipokwisha, mlima mzima ulikuja, na wa chini pia, na Papa Yoshua mbele yao. Tulifukua njia za fuko, tukajaza udongo mzito, tukaukanyaga kwa miguu tukiimba, na juu tukapanda nyasi fupi tu. Siku hizi mama mkwe ndiye mlinzi. Mtu akipita na mche wowote mkononi anamuuliza anaupeleka wapi, na mbuzi wa shemasi wameshaonja fimbo yake.

Mvua mpya zimeanza, kubwa. Bwawa linajaa tena. Mke wa Papa Yoshua ameniambia inanyesha nao wanalala.

Msalimie Mama, mwambie nguo ya mtoto ilimtosha. Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na shangazi aliyenifundisha kusuka vikapu, na mwalimu wa misheni aliyenipa kalamu. Dada yangu mdogo aache kuringa, aniandikie.

Nawe Papa, mguu ukipona panda lori uje uone nyumba nilikoolewa. Utakula maharagwe. Kabichi mwaka huu hatukupata hata moja, na watu wa Walikale wakikuuliza kwa nini, waambie mkweo aliyamwaga maji yake ili watoto wa jirani wasife.

Ni mimi binti yako mwenye kichwa kigumu,

Mapendo, mama Riziki