Sauti za Kompyuta ya Mume Wangu

Jumamosi, 3 Mei

Macho yake yamepungua nguvu tena. Presha ya macho haina huruma. Leo kompyuta imelia "ting!" na mume wangu akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, asione kimeandikwa nini. Akabonyeza tu. Kumbe ilikuwa inamuuliza kama ahifadhi kazi. Sura nzima ya kitabu cha watu imepotea! Mhariri wa vitabu, miaka yote hiyo, leo anapapasa. Aliniuliza kwa upole kama kuna namna ya kuifanya iseme maneno badala ya ting. Nikasema nitatafuta. Mimi ni karani wa shule tu, lakini mashine hizi hazinitishi.

Jumapili, 4 Mei

Nimepata programu ya kurekodi, ya bure kabisa. Nimeangalia video, nimeelewa. Unarekodi, unakata mwanzo na mwisho, halafu unaiambia kompyuta: ukitaka kulia, lia hivi. Nilijifungia kabatini — ndiyo, kabatini, katikati ya makoti, maana chumbani sauti inarudi mwangwi. Jasho! "Barua mpya imeingia." "Hujahifadhi kazi yako." "Betri inaisha." Nimerudia mpaka koo likakauka.

Nikamwekea. Akazisikiliza zote, mikono magotini. Akasema asante, zinafaa. Hiyo "zinafaa" yake naijua. Ndivyo anavyosema kuhusu miswada anayotaka kuirudisha.

Jumatano, 7 Mei

Kumbe! Amemwomba dada yake mkubwa azirekodi upya. Wifi yangu — wifi wa ukoo, si wa intaneti. Nikamuuliza zangu zina kasoro gani. Akacheka, eti hataki kufokewa na mke, afokewe na mashine pia. Nimefoka wapi? "Betri inaisha" unaisemaje kwa kubembeleza?

Wifi anaimba kwaya, sawa, sauti ni asali. Na mimi ndiye nitakayeirekodi hiyo asali, niisafishe, nimwekee. Imeniuma. Asante ya punda ni mateke.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka kazini, nikapitia dawa yake ya macho. Foleni mpaka nje ya mlango. Miguu imevimba. Sina la kuandika.

Jumamosi, 10 Mei

Wifi amekuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone — mwenyeji gani huyo! Kwanza amefunua sufuria zangu moja moja, ndipo akaketi. Nikamvalisha hedifoni zenye maiki, nikabonyeza kurekodi, nikawaambia wakae kimya kidogo kabla hajaanza. Programu lazima iusikie ukimya wa chumba ndipo ijue kelele ipi ya kufuta. "Haya, fundi," akasema wifi.

Hapohapo jirani akagonga, anataka kuazima ngazi. Nikaenda kumtolea stoo, na ngazi yenyewe imefukiwa na maboksi. Niliporudi walikuwa wameanza bila mimi. Na amesema vizuri, sitasema uongo. "Betri inaisha, mdogo wangu." Mdogo wangu! Nani alimwambia aongeze hilo?

Jumapili, 11 Mei

Mume wangu yuko sebuleni anasubiri sauti zake. Mimi niko chumbani, mlango nimeufunga.

Nilirudi mwanzo kabisa wa rekodi nichague ule ukimya. Hakuna ukimya. Wamezungumza! Mimi natafuta ngazi ya kumwazima jirani, wao wanazungumza, wamesahau kwamba mashine inanasa.

Wifi anamhimiza aniambie mapema. Chumba kule kwake kiko tayari, kimeshapakwa rangi. Mume wangu anasema bado, atahama macho yakizima kabisa. Wifi anauliza, sasa mkeo unamficha kwa nini? Naye anamjibu:

"Dada, hukuzisikia zile alizonirekodia. Amenichoka. Hasemi, lakini sauti inasema. Sura yake siioni tena, sauti ndiyo iliyobaki. Siwezi kukaa gizani nikisikia hiyo kila siku."

Nimerudisha. Nimesikiliza tena. Hasira imenipanda. Wamepaka rangi! Wamechagua na rangi, mimi sina habari, kila asubuhi namdondoshea dawa machoni na yeye ananiambia asante mama. Nani asiyechoka? Yeye alidhani dawa inakuja yenyewe?

Nikafungua zile zangu za kabatini. "Barua mpya imeingia." "Hujahifadhi kazi yako." Mungu wangu. Ni kweli. Mwanamke yule amechoka, hata mtoto angesikia. Lakini amechoka na kazi, na foleni, na joto la kabati. Yeye sijamchoka! Sijamchoka hata siku moja. Programu hii inapandisha sauti, inashusha, inafuta kelele. Nimepekua vitufe vyote, cha kuondoa uchovu hakuna.

Ananiita. Anauliza kama nimemaliza.

"Abee" tu, neno moja, miaka yote nalitoa bila kufikiri. Nimelijaribu kwa kunong'ona hapa kitandani. Limetoka limechoka. Nikakohoa, nikajaribu tena. Mbaya zaidi, sasa lina machozi.

Ameita tena. Safari hii taratibu, kama anayeuliza. Kiti kimesogea. Anakuja, nasikia mkono wake ukipapasa ukuta wa ukumbini, na bado sijaitika