Makaburi Mawili ya Nkambo Samu

Papa,

Nakuandikia nikiwa Nchelenge, huku Zambia, kwenye meza ninayouzia samaki, ndiyo maana karatasi inanuka. Utanisamehe. Uliondoka mwaka jana, wiki chache tu baada ya sisi kuvuka ziwa kutoka Kilwa yetu ya Kongo na vita nyuma yetu, na tangu hapo mambo si mabaya sana. Mama anakula. Watoto wanaongea Bemba kunipita, wananicheka nikitaja bei sokoni. Chisense, wale samaki wadogo, ninawauzia watu wa Mansa.

Lakini msalaba wako ulibaki nusu tupu. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kukuletea.

Ulituambia hospitalini tuandike: Mujukuu wa Samu, Muamerika. Papa mudogo alikataa palepale makaburini, mbele ya pasta. Akasema Nkambo, babu yenu, hakuona Amerika hata kwa ndoto, alikuwa fundi mashua wa kisiwa cha Chisenga na muongo, na msalaba haubebi uongo. Ah, ndugu yako huyo! Nilimkasirikia sana, na zaidi kwa sababu niliogopa anasema kweli. Maisha yako yote ulitusimulia namna Nkambo alivyokupakata ukiwa mutoto wa miaka saba, akasema, "Nilipotoka Amerika nilikaa juu ya maji mpaka nikasahau rangi ya udongo." Ulisikia kwa kinywa chake. Kule Kilwa watu walikuita Muamerika kwa mzaha, nawe ukaitika kama mukubwa wa bilo anayeitwa ofisini kwake. Kama Nkambo alidanganya, basi walikucheka miaka sitini kwa haki.

Bon, nikapanda mashua kwenda Chisenga.

Walinionyesha makaburi ya zamani nyuma ya kambi za wavuvi. Nikatafuta Samu, nikapata wawili. Misalaba miwili ya chuma, jina lilelile, mumoja alikufa miaka thelathini na zaidi kabla ya mwenzake. Nilisimama pale kama mujinga. Nikafikiri labda mutu wa misalaba alikosea.

Aliyenifungua macho ni mama muzee anaitwa Bana Chola. Baba yake alifanya kazi na hao wawili, na yeye mwenyewe alikuwa msichana wakati Samu wa pili anakufa. Kumbe Samu wa kwanza alikuwa Muamerika kweli, mweusi kama sisi, seremala aliyeletwa na muzungu mumoja kuunda mashua. Alioa hapo kisiwani. Homa ikamuua, akaacha mke bila mutoto. Na watu wa huku, Papa, hawamwachi mutu afe hivihivi. Lazima apyanwe: mwingine apewe jina lake, mke wake na nafasi yake, ili roho yake isitangetange. Yule Muamerika hakuwa na ukoo hapa. Basi rafiki yake wa kazi akasimama. Wakampa maji anywe, wakampaka unga, wakamwambia, tangu leo wewe ni Samu. Akamchukua yule mjane, wakamzaa baba yako.

Ndiye aliyekupakata. Tangu siku ile kila jambo la marehemu alilisema kwa "mimi", na kila mutu kisiwani alielewa.

"Hakudanganya," Bana Chola aliniambia, akishangaa ni nini kinanishinda. "Samu alitoka Amerika. Na huyo alikuwa Samu."

Sisi tulikulia ng'ambo ya ziwa, mjini, tukasahau kwamba watu wa huku wanahesabu jina. Wewe ulihesabu damu, Papa mudogo akahesabu damu, mukagombana miaka yote juu ya kitu ambacho Nkambo hakukisema. Nililia pale mbele ya watu, kamasi na yote. Laiti ungekuwepo umsikie yule mama.

Halafu nikamuuliza: huyo rafiki alikuwa anaitwa nani kabla ya kupyana? Akasema, "Sijui. Hakuna aliyemwita tena."

Nimemweleza Papa mudogo yote. Akauliza kama simiti ipo, kisha akaja mwenyewe na msumari, akaandika kwenye simiti mbichi maneno yako kama ulivyotaka, bila kupunguza hata moja. Ametubu kwa namna yake, unamjua.

Kwa hiyo wewe umepata haki yako. Anayenisumbua sasa ni yule mwingine. Alitoa jina lake zima ili mgeni asiye na mutoto asipotee, na yeye ndiye aliyepotea. Damu yetu ni yake, Papa, na hatujui hata tumwite nani.

Lala vizuri. Mimi kila nikienda Chisenga kununua samaki nitauliza wazee, mumoja kwa mumoja, mpaka nipate jina la yule mutu, au mpaka wazee waishe.

Mutoto wako,
Odeti