Tangi la Mwalimu na Ukuta wa Mtoto Mtakatifu

Mpendwa Mama Amparo,

Niwie radhi kwa kimya cha mwaka mzima. Barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kukosoa sarufi ya kipindi chako cha ushauri redioni, na nadhani hukuitamani nyingine. Leo mkosoaji anaomba msaada, tena naomba usinitaje jina, ingawa hapa Xochimilco sijui mwalimu mstaafu mwingine anayefuga sebuleni ajolote wanne, wale viumbe wa majini wanaofanana na mijusi.

Nilipowanunua, wakiwa wadogo kama kidole, Crispín, mfugaji mwenye kibali kule mferejini, aliniuliza nitawaweka wapi, nami nikamjibu kwamba mtu aliyefundisha maisha yake yote hahitaji kufundishwa kununua tangi, nikaenda sokoni, nikachagua la kioo, jembamba, linalonifika kifuani, kwa sababu lilikuwa na heshima, nikalisimamisha dirishani ili wapitao waone, na sasa wanyama wamefikia urefu wa shibiri, wote wanne wanabanana chini kabisa, na juzi mmoja alitokea hana mguu wa mbele huku mwenzake akiwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Crispín alikuja, akatazama, akavua kofia.

"Mwalimu, umewajengea ghorofa watu wasiopanda ngazi. Hawa hutembea sakafuni. Mguu utaota tena, lakini wakiendelea kubanana hivi wataanza kutafunana matamvua yao ya kupumulia, na hapo utazika mtu."

Linatakiwa tangi refu la kulala, na ukuta wa kulipokea hapa sebuleni ni mmoja tu, ule ambao mke wangu Eustolia ameutenga kwa ajili ya madhabahu, kwani Desemba hii sanamu ya Mtoto Mtakatifu, Yesu mchanga azungushwaye nyumba kwa nyumba, itatutembelea, naye ameingoja zamu hiyo miaka kumi na miwili. Nilipomgusia, hakuacha kukwangua miiba ya nopali, yale majani ya dungusi tunayopika.

"Mzee, na Mtoto Mtakatifu akae wapi, mgongoni mwa ajolote?"

"Ni suala la nafasi tu, mke wangu."

"Ni suala la kifua chako. Si ndicho ulichopimia tangi?"

Ningewahamishia katika chumba changu cha kusomea, lakini kina baridi, hakioni jua, na ukuta wake mzima umejaa kamusi zangu. Je, niwagawe wawili, au nizidi kumbembeleza mke wangu? Nitakuandikia mara nitakapokata shauri.

Mwalimu Mstaafu

*

Mwalimu,

Barua yako haina kosa hata la mkato. Kosa lote liko sebuleni. Pole kwa mguu, ingawa pole kubwa zaidi ni ya aliyekuwa nao.

Ajolote hapimiwi kimo, hupimiwa sakafu. Wanne waliokomaa wanataka tangi la lita mia mbili na hamsini au zaidi, lenye urefu wa mita moja na robo na upana wa nusu mita. Maji yakifika magotini yanatosha. Tandika mchanga laini, si changarawe, maana wataimeza. Kila mmoja apate chungu chake cha kujifichia. Huyo mng'ataji mtenge leo hii, hata kama ni ndani ya beseni, na uwatoe wote dirishani, kwa sababu maji yakipata joto yatawaua kabla ya meno. Namna ya kuyaandaa maji ya tangi jipya muulize Crispín, na safari hii msikilize.

Sasa isome tena aya yako ya mwisho. Chumba cha baridi, kisicho na jua, chenye ukuta mrefu. Umekileta kama udhuru, kumbe umenieleza makao yanayowafaa kuliko mahali pengine popote nyumbani kwako. Ulikuwa tayari kumpokonya mkeo ukuta alioungojea miaka kumi na miwili, ulikuwa tayari hata kuwagawa wanyama uliowalea tangu wakiwa kama kidole, ila kamusi zisiguswe. Huoni haya, mtu mzima? Zitie katika masanduku, uzisukume chini ya kitanda. Zenyewe zikibanana hazing'atani.

Lile tangi jembamba mpe Eustolia alijaze maua, lisimame kando ya madhabahu. Hapo wapitao wataliona vizuri.

Wala usiniandikie ukikata shauri, kwa maana limekwisha kukatwa. Niandikie ukishaibeba kamusi ya mwisho, na siku hiyo nitakuruhusu uyasahihishe makosa yangu yote ya leo.

Mama Amparo